Siwema na Mawe ya Usafini

Njia aliyopita Siwema binti Mhando mpaka akafika Usafini tuiache. Vumbi ni vumbi na kuchoka ni kuchoka. Mwenye hamu ya habari za safari atazipata kwa msafiri yeyote, tena bila kuomba. Mimi naanzia pale alipotua begi lake kwenye lango la nchi ile, asubuhi, miguu imevimba, kitambaa cha kichwa cha mama yake, ndani ya mfuko wa nailoni, amekifunga kiunoni kwa ndani.

Kwanza mjue ni nani. Siwema alikuwa karani wa mizani katika ghala la iliki huko kwao milimani, mwanamke wa miaka thelathini na minne, maneno machache, macho makali. Wakulima walimwogopa na kumpenda kwa sababu ile ile: hakuwahi kuusukuma mshale wa mizani kwa kidole, wala kumwachia mtu ausukume. Kilichomtoa ghalani ni mama yake.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja mwaka ule homa ya madoa ilipopita kwao na kuzoa watu. Mama yake, Mwantumu, aliugua wiki tatu akapona. Haukupita muda wakaja wageni nadhifu kutoka Usafini, wakiwatafuta waliopona tu. Walisema damu ya mtu aliyeishinda homa ni kitu adimu, kwamba kwao ina kazi kubwa, kwamba ni miaka miwili tu na mtu anarudi nyumbani. Mwantumu alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja na paa linalovuja. Akakubali.

Siku ya kuondoka alimsimamisha Siwema kwenye mwimo wa mlango, visigino vikigusa mti, akamlaza kiganja utosini, akachora alama kwa mkaa. "Nikirudi napima tena," alisema. "Na ole wako urefuke bila ruhusa yangu!" Wakacheka wote wawili huku wanalia.

Ile miaka miwili ilizaa mingine. Barua zilikuja kwa miaka kumi na mitano, na kila barua ilimalizika kwa maneno yale yale: simama wima. Kisha zikakatika. Kimya, miaka minane. Siwema aliipaka nyumba chokaa mara tatu na kila mara aliiruka ile alama ya mkaa, ambayo sasa ilimfika kifuani. Alimtamani mama yake kwa namna ambayo mtu mzima huona haya kuisema. Hakutaka maelezo wala zawadi. Alitaka kuwekewa kiganja utosini, basi.

Sasa turudi langoni. Palikuwa na afisa mwenye glavu nyeupe.

"Iko juu?" afisa akauliza.

"Shikamoo," Siwema akasema, maana afisa alikuwa mtu mzima.

Afisa akamtazama kama aliyetukanwa. "Hapa tunaulizana kama sauti iko juu. Nawe unajibu, iko juu. Haya, dondosha mate hapa."

Mbele yake palikuwa na kisahani cha maji, na ndani ya maji kijiwe cheupe cha mviringo, chembamba kama ganda la kitunguu, kimebanwa kwa nyuzi mbili za fedha. Betri ilikuwa inakitikisa. Kilitetemeka kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuiona, na kutoka kwenye pembe ya shaba iliyounganishwa nacho ilitoka sauti moja nyembamba, iiiii, haipandi, haishuki. Afisa alieleza kwa fahari. Jiwe hili ni jepesi la kuhisi kuliko mizani yoyote duniani. Kikitua juu yake kitu kidogo kuliko chembe ya vumbi, kidogo mara elfu, mara elfu ya hiyo elfu, linaelemewa, na sauti inashuka. Ikishuka, kuna kitu: ugonjwa, sumu, uchafu. Isiposhuka, hakuna kitu.

Siwema alipenda sana kusikia hivyo. Mtu wa mizani ni mtu wa mizani. Akadondosha mate, wakasubiri. Iiiii.

"Hakuna kitu," afisa akasema, akampigia muhuri wa maneno hayo hayo kwenye karatasi: HAKUNA KITU. Kisha akageukia ukuta akakohoa, kikohozi kirefu cha kutoka tumboni, akarudi macho yamejaa machozi. "Nilikuwa nasafisha koo," alisema. Siwema, kilo sabini na mbili kwa mizani ya ghalani, akaingia Usafini akiwa si kitu.

Mji wenyewe ulipendeza, nisiseme uongo. Barabara zilifagiliwa mara tatu kwa siku. Juu ya kila mlango, pale ambapo kwetu mtu angetundika hirizi au kalenda, palikuwa na jiwe katika kisahani chake na pembe yake ya shaba, na mji mzima ulilia iiiii ile moja, mchana kutwa, mpaka mgeni akahisi meno yanamwasha. Uwanjani palisimama ubao mkubwa: SIKU 2,914 BILA SAUTI KUSHUKA. Kila asubuhi watu walikusanyika kuona namba ikibadilishwa, wakapiga makofi, na waliokuwa wanakohoa waligeukia ukutani kwanza. Ilikuwa sheria. Kukohoa kuliitwa kusafisha koo, na koo lilisafishwa ukutani. Watoto waliolala ndani siku nyingi waliitwa waliopumzika. Siwema alihesabu mtaa mmoja wenye watoto tisa waliopumzika, na wawili kati yao walikuwa na madoa mikononi, madoa aliyoyajua. Aliposema neno lenyewe, homa, mama wa watoto wale alimnyooshea kidole jiwe la mlangoni. "Hulisikii? Iko juu!" akasema. Lakini aliposema hivyo alikuwa amemkumbatia mmoja wao kwa nguvu sana.

Mtu aliyepotea, Usafini, hutafutwa katika Idara ya Waliopo. Siwema alipokewa na Bi Fasaha, karani mkuu, mwanamke mwenye sauti tamu na madaftari yaliyopangwa kwa rangi.

"Mwantumu Shekue," Siwema alisema. "Alikuja kutoa damu. Mwaka wa homa."

"Homa ipi, dada yangu?"

"Ile ya madoa."

"Usafini haina homa," Bi Fasaha akasema kwa upole. "Kama haina homa, haiwezi kuwa na mtu aliyeletwa kwa ajili ya homa. Lakini hatumnyimi mtu haki yake. Una kitu chake chochote?"

Siwema akafungua kiuno, akatoa kitambaa. Hakuwahi kukifua kwa miaka ishirini na mitatu. Alikuwa amekiweka katika mfuko ule wa nailoni, na siku za shida tu ndipo alipoufungua mdomo wa mfuko akanusa kidogo, kidogo tu, asiimalize harufu. Bi Fasaha akakilowesha pembe moja, akaikamua ndani ya kisahani kwa koleo, juu ya jiwe. Iiiii.

"Hakuna," akasema, akaandika. "Mtu huyo hayupo, wala hakuwahi kuwepo. Pole sana. Kitambaa tutakifua tukurudishie."

"Usikifue!" Siwema alipiga kelele, akakinyakua mpaka madaftari yakadondoka.

Alirudi pale siku ya pili, na ya tatu. Jibu lilikuwa lile lile, na pole ile ile, na mkononi mwa Bi Fasaha kalamu ile ile. Siku ya tatu alitoka kwa mlango wa nyuma, maana hakutaka watu wamwone analia. Uani alikuta mwanamume wa miaka hamsini hivi, suruali imekunjwa hadi magotini, ameinamia karai akisugua vijiwe kwa brashi na kununa.

"Shikamoo," Siwema akasema, kwa mazoea tu.

"Marahaba," yule mtu akajibu.

Siwema akageuka. Tangu lango lile hakuna aliyemwitikia marahaba. Yule mtu akaacha brashi ikaelea kwenye karai, akamwangalia kuanzia utosini hadi miguuni.

"Hiyo marahaba nimefundishwa na mtu mmoja tu," akasema. "Alikuwa hataki kuitwa jina lake. Akisema, niite Mama Siwema."

Sasa, Siwema hakuwa mtu wa kuanguka. Aliketi tu chini, kwenye maji yaliyomwagika, gauni likalowa.

Jina la yule mtu lilikuwa Mashaka, mwosha mawe. Alikuwa hodari wa kulalamika. Alilalamikia mgongo wake, brashi, Baraza, na mvua iliyokuwa haijanyesha. Lakini alipoanza kueleza habari za Mama Siwema alieleza taratibu, bila malalamiko hata kidogo.

"Zamani mawe haya yalikuwa yanafanya kazi," alisema. "Jiwe tupu, mwanangu, ni bubu. Linaimba, lakini halimshiki mtu. Ugonjwa unapita juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Ndiyo maana waliletwa watu waliopona. Damu ya aliyepona ina vitu vidogo kama mikono, na kila mkono unaujua ugonjwa ule mmoja tu, ukiuona unaudaka. Tulikuwa tunapaka jiwe utando wa damu ile. Ugonjwa ukipita, unadakwa. Ukidakwa, jiwe linaelemewa, sauti inashuka, mganga anaitwa. Mama yako alituokolea watu wengi wewe."

"Kwa nini mkaacha?"

"Kwa sababu ya Bwana Takasa." Alitema mate pembeni. Bwana Takasa alikuwa Msikilizaji Mkuu, mwenyekiti wa Baraza. "Siku alipopewa cheo alipita akisikiliza mawe yote. Akagundua kwamba jiwe lililopakwa utando linaimba chini kidogo kuliko jiwe tupu, hata kabla ugonjwa haujafika. Ni kweli, utando nao una uzito wake! Yeye akasema, basi utando ni uchafu. Jiwe limechafuka kabla ya kuchafuka. Akaamuru yasuguliwe yote. Mimi ndiye niliyeyasugua, mikono hii. Kesho yake nchi nzima ikalia juu, watu wakacheza ngoma. Na kwa kuwa homa ilikuwa imekwisha, waliopona homa nao wakafutwa kwenye daftari."

"Akafutwa."

"Mtu asiyekuwepo hapewi kibali cha kutoka nchini. Barua yake haipigwi stempu. Walikuwa kumi na saba. Mama yako alibaki wa mwisho." Mashaka akashika brashi, akaiacha tena. "Miaka miwili imepita sasa. Si homa. Alichoka tu, nadhani. Nilimzika mimi."

Siwema akasimama, akakamua gauni. Halafu akasema, "Nipeleke."

Nje ya ukuta wa mji kulikuwa na matuta kumi na saba, yamepangwa safu, bila jina hata moja. La mwisho lilikuwa la Mwantumu. Siwema alilitazama kwa jicho la mpimaji, kisha akafanya jambo lililomshangaza Mashaka: alilala chini kando ya tuta, miguu sawa na miguu, akaangalia kichwa chake kinaishia wapi. Kilipita.

"Nimemzidi," akasema, na hapo ndipo kilio kilipomtoka, kilio cha mtoto wa miaka kumi na mmoja. "Nimerefuka bila ruhusa yake, mjomba. Nimemzidi kabisa."

Alimwita mjomba tangu siku hiyo, kwa kuwa mama yake alimwita kaka.

Mashaka alimwacha alie mpaka akatulia, akamwambia lililobaki. Mama yake alikuwa ameacha kitu. Mwaka wake wa mwisho alimwomba Mashaka jiwe moja tu, akalipaka utando wa damu yake mwenyewe, likatunzwa katika chupa ya maji ya chumvi ndani ya mtungi wa baridi, maana utando ukikauka umekufa.

"Nikamwambia, unatafuta homa ya nini tena? Akanicheka. Akasema, jiwe hili si la homa. Akanieleza kwamba mtoto akiwa tumboni ni nusu mgeni, ana ya baba yake. Damu ya mama humsoma mgeni yule, ikaota mikono ya kumjua. Wengine mikono hiyo hupotea. Wengine wanakaa nayo hadi kaburini. Akasema, mimi nina mtoto mmoja, na mikono ninayo. Akija, mwambie adondoshe mate. Jiwe halitamjua mtu mwingine."

Siwema alikuwa amekaa wima. "Nipe."

"Ngoja kwanza. Ni jiwe moja na utando mmoja. Likishashika, limeshika, huwezi kuanza upya." Akakuna kichwa. "Unaweza kulisikiliza hapa hapa, wewe na mimi, ukaenda zako na amani yako. Au unaweza kulipeleka Barazani. Sheria yetu inasema marehemu huwekewa kibao cha jina endapo jiwe limemshuhudia kwa damu yake. Lishuke mbele ya Baraza, watalazimika kumwandika: alikuwepo. Lakini nakwambia mapema, wale watu si wa kuaminika."

Ni hapo ndipo ninapomhurumia Siwema kuliko mahali pengine pote. Alitaka kulisikia jiwe lile kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, tena hapo hapo, peke yake, bila macho ya watu. Akashika chupa, akaiweka shavuni, ilikuwa baridi. Akatazama tuta. Tuta halikuwa na hata kijiti.

"Mama hakuwa hakuna kitu," akasema. "Twende Barazani."

Baraza la Usikilizaji lilikuwa na wajumbe ishirini na mmoja, wote wamevaa glavu. Bwana Takasa alikuwa mtu mzuri wa sura, mpole, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja anapozungumza nawe, kama kwamba wewe nawe ni jiwe. Mjadala ulianza saa tatu asubuhi. Kundi moja lilisema jiwe lenye utando lisisikilizwe kamwe. Kundi la pili, la wapenda maendeleo, lilisema lisikilizwe ila lisiaminiwe. Mjumbe mmoja mzee alitaka ifafanuliwe kwanza kama sauti iko kwenye pembe au kwenye masikio ya wajumbe, na akapewa saa nzima. Watu saba walisafisha koo ukutani. Wakati huo wote Siwema alisimama katikati ya ukumbi, amekumbatia chupa.

Mwisho Bwana Takasa akainamisha kichwa. "Mgeni wetu ana la kusema?"

"Ninalo," Siwema akasema. "Mimi ni mtu wa mizani. Nimepima iliki miaka kumi na minne. Nikiweka gunia na mshale usisogee, sisemi gunia ni tupu. Nasema mizani imekwama. Mshale wenu haujasogea siku elfu mbili mia tisa na ishirini, na watoto wenu wana madoa. Hamwoni?"

Mtu mmoja nyuma akakohoa bila kugeukia ukuta, akatolewa nje.

"Maneno ya uchungu," Bwana Takasa akasema kwa huruma. "Baraza litasikiliza, bila kuamini. Mashaka, weka jiwe."

Mashaka alilitoa jiwe la Mwantumu kwenye chupa, akalilaza kwenye kisahani, akafunga nyuzi za fedha. Pembe ikalia. Ilianza chini kidogo kuliko mawe mengine, kama alivyoeleza, sauti ya eeeee, na wajumbe wakakunja nyuso. Siwema akainama. Kinywa kilikuwa kimekauka. Ilibidi amfikirie mama yake akikata limau ndipo mate yakaja. Akadondosha.

Hakuna kitu. Eeeee. Mjumbe mmoja akaanza kutabasamu.

Kisha sauti ikateleza. Ilishuka polepole, bila kukatika, kama mtu anayeshushwa ngazi kwa mkono, ikapita pale ambapo mtu angedhani itasimama, ikaendelea kushuka, ikatulia: mmmmm. Ilikuwa ile sauti ambayo mama huitikia nayo akiwa chumba cha pili, mdomo umeshika sindano, na mtoto amemwita. Siwema aliisikia mpaka tumboni. Aliziba mdomo kwa mikono miwili. "Nimekuja, mama," alisema ndani ya viganja. "Nimekuja, nimechelewa."

Vurugu ikazuka. Bwana Takasa alisimama. "Uchafu umetua," akasema. "Osheni."

Mashaka akapitisha maji safi. Mmmmm. Wakaleta maji ya chumvi. Mmmmm. Wakaleta maji ya sabuni nyepesi, na Bwana Takasa mwenyewe akavua koti akamimina, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka sakafu ikalowa na viatu vya wajumbe vikalia vyaku vyaku. Sauti haikupanda hata unywele. Kilichoshikwa kilikuwa kimeshikwa.

"Haliachii," mtu mmoja akanong'ona.

Siwema alitazama uso wa Bwana Takasa na kwa dakika moja aliamini ameshinda. Uso ule ulikuwa wa mtu aliyesikia. Hata kichwa hakukiinamisha. Ndipo Bi Fasaha aliponyanyua mkono, daftari la kijani kifuani.

"Mheshimiwa, kifungu cha nne. Uchafu ni kile kinachooshwa. Hiki hakikuoshwa. Kwa hiyo si uchafu."

"Kama si uchafu," Bwana Takasa akasema taratibu, na rangi ikamrudia usoni, "basi hakuna kilichotua."

"Na kama hakuna kilichotua, sauti haikushuka."

"Na kama haikushuka, basi hii tunayoisikia ni sauti ya juu." Akageukia wajumbe, mikono ameitanua, anang'aa kwa furaha. "Waheshimiwa! Hii ndiyo juu!"

Makofi yakavuma. Mjumbe yule mzee tu ndiye aliyeuliza: kama hii ndiyo juu, mawe mengine yote ya nchi, yanayolia juu kuliko juu, yamekuwaje? Likajadiliwa mpaka adhuhuri. Ikaamuliwa kwamba mawe mengine yamezidisha, na kuzidisha ni utovu wa nidhamu. Kila jiwe Usafini lipakwe nta kidogo, litiwe uzito, lishushwe mpaka lilingane na hili. Hakuna aliyekumbuka kwamba mawe yaliwahi kusuguliwa kwa kosa la kupakwa. Ubao wa uwanjani uliendelea na hesabu yake.

"Na kibao?" Siwema akauliza. Ilibidi aulize mara mbili. "Kibao cha mama yangu?"

Bwana Takasa akainamisha kichwa upande mmoja. "Sauti haikushuka, dada yangu. Hakuna ushahidi. Pole sana."

Alibaki siku sita akisubiri karatasi za kutoka. Kila alasiri alikwenda kwenye tuta la kumi na saba, akaketi, akamsimulia mama yake habari za paa jipya, bei ya iliki, nani kaoa nani kazaa. Alilitaja jina lake kwa sauti, Mwantumu Shekue, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine lilipoandikwa. Mashaka alikuja kumuaga siku ya mwisho. Jiwe limewekwa ukumbini chini ya kioo, alisema, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kulitunza lisikauke.

"Sitaliacha likauke," akasema. "Hata wakinifukuza, nitarudi usiku nilimwagie."

"Ahsante, mjomba."

"Ahsante ya nini! Mgongo wenyewe unaniua."

Njia ya kwenda langoni ilipita mji mzima. Siwema alikuwa amezoea iiiii ile ya kuwasha meno, na alikuwa amejifunga kichwa kwa kitambaa kile, maana sasa hakikuwa tena na sababu ya kufichwa. Alipoukaribia mtaa wa kwanza akasimama. Mafundi wa Baraza walikuwa wamemaliza kazi yao ya nta. Juu ya mlango wa kwanza, jiwe lilikuwa linalia: mmmmm. Na la pili. Na la nyumba yenye watoto waliopumzika. Mtaa hadi mtaa, duka la mkate, shule, Idara ya Waliopo, kila mlango wa nchi ile iliyomkana Mwantumu ulikuwa unaitikia kwa sauti ile moja aliyoitikia nayo siku jiwe lake lilipomshika mwanawe. Wao waliiita juu. Watu walipita chini yake wakiulizana na kujibizana, iko juu, iko juu, hakuna aliyejua wanasikiliza nini. Siwema alitembea polepole kuliko alivyowahi kutembea maishani.

Langoni alikuwa yule yule afisa wa glavu, amekonda kidogo, na chini ya ukosi wake doa moja lilikuwa limechungulia.

"Iko juu?" akauliza.

Siwema hakumjibu. Alitua begi. Aliingia kwenye mwimo wa lango, chini kabisa ya jiwe la juu ya lango, nalo linalia mmmmm, akageuka, akauegemeza mgongo kwenye mti, akavuta visigino nyuma mpaka vikagusa, akanyoosha shingo.

"Mama, tafadhali, unaziba njia," afisa akasema. "Watu wanasubiri. Unafanya nini hapo?"

"Ngoja kidogo," Siwema akasema, amefumba macho. "Napimwa."